Aliyeombwa Msamaha Gishubi

Egidius wa Butihinda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake akambebesha mkewe.

Akiwa kijana wa miaka ishirini, bado yeye na wazazi wake wako ukimbizini Tanzania, alipatwa na saratani ya korodani. Kabla hajatundikiwa dripu za dawa kali, daktari alimwambia dawa ile huweza kuua mbegu za uzazi, hivyo kama anataka watoto, ziwekwe akiba kwanza. Nesi akamletea kikopo. Nesi mwenyewe binti wa rika lake! Egidius akatazama ukuta, akasema hahitaji. Akapona, akarudi Burundi, akamwoa Adventina kutoka Gishubi, mkoani Gitega, wala asimwambie neno. Mwaka wa tatu wa ndoa alipima kwa siri Muyinga mjini. Hakukutwa na mbegu hata moja. Karatasi ya majibu akaichana vipande vipande, akarudi nyumbani kula ugali kama kawaida.

Miaka saba Adventina alinyweshwa mizizi ya kila aina, na mumewe ndiye aliyekuwa akimshikia kikombe.

Mwaka huu Ursula, mdogo wake Adventina, akajifungua. Wakaenda Gishubi kuhemba, yaani kumpongeza mzazi kwa vikapu vya unga na pombe ya ndizi. Gaudensia, mama yake Egidius, naye akafuatana nao. Pombe ilipomkolea, akaropoka mbele ya wakwe wote: "Sisi tunakuja kuhemba wenzetu. Kwetu atakuja nani, na mlitupa mwanamke mkavu?"

Adventina akainamisha kichwa. Mama yake, bibi Christina, akainuka mkekani, akaenda kupiga magoti mbele ya Egidius.

"Mukwe wangu, mutusamehe," akasema. "Mutoto yetu iko na shida. Hatukujua."

Mama mkwe kumpigia magoti, yeye! Egidius aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, inuka," akasema. "Shida ni yangu. Niliugua zamani, dawa ikaua mbegu. Nilijua. Adventina hana kosa."

Waliosikia ni wa karibu tu. Gaudensia alikuwa bado analalamika kule mlangoni. Adventina akamkazia mumewe macho, machozi yakimchuruzika, na mkono alionyooshewa hakuupokea.

"Simama," akamwambia. "Sema tena, kwa nguvu. Mama yako hajasikia."