Kigoda cha Dirishani

Prisca alikuja kwetu Mbugani kutoka Bujonde kujifunza ufundi, akiwa na begi moja na vidole vyembamba. Mume wangu Hezroni, fundi seremala, alivisifia vidole vile mbele yangu. Siku hiyohiyo akamkalisha kwenye kigoda cha dirishani, penye mwanga, akampa kisu kidogo.

Kigoda hicho nilikitamani tangu nilipoolewa. Anayekaa pale hukata mbao nyembamba kama karatasi, za mninga, mpingo na paini, akazipanga mpaka zitoe picha, kisha zikagandishwa kwenye meza au kabati. Mimi niliachiwa kuchemsha gundi. Nilikaanga pia vile vipande kwenye mchanga wa moto, kama mtu akaangavyo karanga, ili ukingo uungue kidogo upate kivuli. Nikiomba kisu, Hezroni anacheka.

"Mama Lusungu, mikono hiyo ya jembe itanivunjia vipande."

Prisca alivunja vingi. "Anajifunza," mume wangu akasema. Siku alipokata jani la mkakao likatoka zima, alimpigia makofi kama mtoto aliyeanza kutembea. Mimi nimesimama hapo na sufuria ya gundi, mvuke unanipanda usoni.

Kisha kanisa letu likaagiza mimbari yenye picha ya ziwa na milima ya Livingstone, kama mtu anavyoviona akisimama ufukweni Matema. Kazi akapewa Prisca. Picha ya aina hii hubandikwa karatasi usoni ili vipande visitawanyike, halafu gundi hupakwa mgongoni. Yeye akafanya kinyume. Picha ikageuka: milima, ambayo ukiwa ufukweni iko kushoto, ikahamia kulia, upande wa Malawi. Hezroni aliliona hilo gundi ikiwa imeshakauka.

Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nikajua sasa atarudi kwao.

Jumapili, jirani yangu Anyitike aliitazama mimbari akashika kiuno. "He! Milima imehama bila kuaga!"

Watu wakaangua kicheko, mimi nikiwashinda wote. Ndipo Mchungaji Ambilikile, mtoto wa mvuvi, akainua mkono.

"Baba yangu aliiona hivihivi, kulia kwake, kila alipokuwa anarudi nyumbani kutoka majini. Ndaga fijo, binti yangu. Asante sana."

Kanisa zima likapiga makofi. Hata kosa lake wamelifanya zawadi! Hezroni alikuwa anafuta machozi. Kwangu hajawahi kulia, hata nilipomzaa Lusungu.

Jumatatu niliwahi karakana, nikakaa kwenye kigoda. Jiko sikuliwasha. Prisca alipofika akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Hapo..."

"Marahaba. Sufuria ya gundi ile pale."

Akamtazama Hezroni. Hezroni akanitazama mimi.

"Mama Lusungu, hicho kisu..."

"Najifunza," nikamwambia.

Nikakata. Kipande cha kwanza kikavunjika. Nikachukua kingine.