Kikapu cha Nyakisasa

Mama yangu hakuwahi kumuuzia kikapu mtu ambaye hakumpenda. Katika soko la Ngara alikaa chini, vikapu amevipanga mbele ya miguu yake, na mteja akifika alitazamwa kwanza mikono. Aliyekinyanyua kikapu kwa kukishika mdomo wake aliambiwa, "Kirudishe chini, baba. Kikapu kinashikwa tumboni." Aliyekishika tumboni alianza kusimuliwa: hiki nilikianza siku mvua ya mawe ilipopiga kahawa yetu, ndiyo maana kimekaza, hiki mfuniko wake niliumaliza nikiwa na hasira na mume wangu, jaribu kuufungua uone ulivyobana. Watu walicheka, wakanunua. Mimi niliona aibu. Nilitaka awe kama wauzaji wengine, ataje bei na anyamaze. Sasa ningetoa chochote nimsikie kwa dakika tano tu.

Alifia Kanazi, katika nyumba aliyoolewa. Mimi naishi Biharamulo mjini, nina kiduka cha steshenari na mashine ya fotokopi inayokwama kila mvua ikinyesha. Kufuma sijui. Nilifundishwa, nikashindwa, mama akasema vidole vyangu viliumbwa kwa ajili ya kugeuza karatasi. Lakini baada ya msiba, wanawake waliokuwa wakifuma naye walinijia: wewe una simu kubwa, tuuzie vikapu huko kwenye mitandao. Wakawa wananitumia kwa gari la abiria, nami navipiga picha na kuvitangaza. Vilikwenda Mwanza, Bukoba, hata Dar es Salaam.

Shida ilikuwa maneno. Kile kipaji cha mama cha kusema sikukirithi. Niliandika "Kikapu kizuri, kipo" na nikaona nimemaliza. Binti yangu alipokuja likizo akanihurumia, akanionyesha akili mnemba. Unaipa picha, nayo inakuandikia maelezo ya bidhaa. Hata dakika haikuisha: "Kikapu hiki cha kipekee kimefumwa kwa upendo na ustadi wa vizazi. Kimebeba kumbukumbu za mama aliyeketi nyumbani, akifuma kwa subira." Nilicheka hadi nikatokwa machozi. Mama na subira, wapi na wapi! Nikaipa picha ya ndoo ya plastiki niliyokuwa natekea maji, nione itasemaje. Ndoo nayo ikaandikiwa kwamba imebeba joto la familia. Nikajua hii ni mashine ya kutia chumvi, inanyunyiza kwenye kila chungu bila kuonja.

Lakini vikapu vilinunuliwa kuliko nilivyowahi kuuza kwa mdomo wangu, nami nikavimba kichwa. Nikaacha hata kuyasoma yale maelezo. Nilipiga picha, nikanakili, nikabandika, basi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kati ya vitu nilivyovichukua Kanazi baada ya matanga kulikuwa na vikapu kadhaa vya mama, na kimoja chenye mfuniko ambacho hakikuwa chetu. Kilikuwa cha rafiki yake wa Nyakisasa. Hawakuwa ndugu wa damu, ila walipata kipaimara siku moja wakiwa wasichana, na sisi watoto tulimwita mama mdogo. Kikapu hicho kilikuwa kinakwenda na kurudi kati yao tangu kabla sijazaliwa. Kinakuja na maharage, kinarudi na viazi vitamu. Kinakuja na karanga, kinarudi na unga wa mtama. Kwetu kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu, na ukikaa nacho mno bila kukirudisha, mwenzako ataelewa kwamba urafiki umekwisha. Safari ya mwisho kilikuja msibani, kimejaa unga. Unga tuliwapikia waombolezaji. Kikapu mimi nilikuja kukipiga picha pamoja na vingine bila kukikagua, na wiki hiyohiyo kikanunuliwa na mwanamke wa Mwanza.

Nilijua kosa langu miezi mingi baadaye, kaka yangu wa Kanazi aliponipigia simu. Akasema mama mdogo anatusalimia, na anauliza kama sisi ni wazima. Mtu wa nje angesikia salamu tu. Mimi nilikumbuka kikapu. Kikapu hakidaiwi kwa kukitaja. Unauliza tu kama wenzako ni wazima. Mama mdogo alikuwa anauliza kama mlango wa nyumba ya mama umefungwa kwake. Na yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemjua mama akiwa msichana. Nikimpoteza yeye, nani ataniambia mama alikuwaje kabla ya kuwa mama?

Nikampigia yule wa Mwanza. Nikamwomba anirudishie kikapu, nami nitamtumia viwili badala yake.

"Kwani kina kasoro, dada?"

"Hapana."

"Basi mimi sibadilishi," akasema kwa upole. "Nikwambie ukweli, sikununua kikapu. Nilinunua yale maneno. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, sina hata picha yake. Niliposoma kwamba kikapu kimebeba kumbukumbu za mama, nikasema hata kama si wangu, acha nikae nacho." Kisha akauliza, "Au yalikuwa maneno ya biashara tu? Niambie. Kama ni ya biashara, kesho nakipeleka stendi, sina haja nacho."

Kikapu kilikuwa kama kimesharudi mkononi mwangu. Nilichotakiwa ni kusema, ndiyo, ni ya biashara, yameandikwa na mashine ambayo haijawahi kumwona mama yeyote. Wala nisingekuwa nimesema uongo. Nilifumbua mdomo niseme hivyo.

"Yaliandikwa na mashine," nikamwambia. "Lakini kwa kikapu hicho, dada, mashine iliotea."

Nikaanza kumsimulia. Nikamwambia ile rangi ya buluu kwenye mfuniko, ambayo mashine iliiita nakshi ya amani, si nakshi, ni kiraka. Panya alitoboa, mama akachomoa uzi kwenye kiroba akaziba, huku akimtukana panya kwa Kihangaza mchana kutwa. Nikamwambia kimebeba viazi vingapi, karanga ngapi, magomvi mangapi ya wanawake wawili na mapatano yao. Sauti yangu ilibadilika, nikaisikia mwenyewe ikipanda na kushuka kama ile ya sokoni. "Na usikishike mdomo," nikamalizia. "Kishike tumboni."

"Nimekishika," akasema. Alikuwa analia. "Dada, unisamehe. Sasa ndiyo siwezi kabisa kukirudisha."

Nilikata simu. Mteja mmoja alikuwa amesimama na cheti cha kuzaliwa mkononi akisubiri nakala, akanikuta nami nalia, akasema atarudi baadaye.

Nilikuwa nimebakiwa na kikapu kimoja tu cha mama, cha mwisho alichokimaliza, ambacho niliapa sitakiuza. Nikakijaza maharage, nikapanda gari la Ngara, kisha nikachukua bodaboda hadi Nyakisasa. Njia nzima nilikipakata kwa mikono miwili, dereva akaniuliza kama nimebeba mayai.

Mama mdogo alikuwa uani anaanika mtama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kumbe mpo."

Macho yake yalikwenda kwenye kikapu. Akakipokea, akapitisha kidole ukingoni. "Huu ni mkono wake," akasema. "Lakini si changu."

Nikamwambia yote, pamoja na habari za simu na mashine inayoandika. Kuhusu mashine hakuuliza kitu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Changu kiliondoka na nini ndani?"

"Hakikuwa na kitu, mama mdogo."

"Kitupu?"

"Kitupu."

"Kutoka mikononi mwa mtoto wa mama yako?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kwa nini nimeuza, nilikuwa na majibu yangu yote. Hilo la utupu halikuwahi kunipitia akilini. Nimetuma vikapu sijui vingapi kwa watu wa mbali, vyote na maneno mengi juu yake, na ndani hamna hata punje.

Akafungua mfuniko, akachota maharage viganja viwili, akayafunga kwenye kitambaa. "Haya mtumie huyo mwanamke wa Mwanza. Asije akadhani sisi hatukufunzwa." Yaliyobaki akayamimina kwenye ungo wake. Kisha akaingia na kikapu ndani, na alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu. Akanisindikiza hadi barabarani akinisimulia jinsi mama alivyomchapa mvulana mmoja njiani kwenda mafundisho ya kipaimara. Nilicheka. Juu ya kikapu hakusema neno, nami sikuweza kuuliza.

Maharage niliyatuma. Yule wa Mwanza ameyapika, akanipigia kuniambia yanaiva upesi, na siku hizi anamwita mama mdogo bibi, kana kwamba walishakutana. Yeye amepata chake. Mimi huu ni mwezi wa tano nasubiri. Gari la Ngara likiingia stendi, naacha mashine inakwama peke yake, natoka kuangalia. Kondakta ameshanizoea, anatikisa kichwa kabla sijamfikia. Mara mbili nimempigia kaka simu, nikamwambia akipita Nyakisasa amuulize mama mdogo kama ni mzima. Anasema ni mzima, anatusalimia.

Sijui kama amesahau, au bado anapima. Natamani kile kikapu kirudi. Hata kikija na viazi vitatu tu, nitajua kwamba nina mama wa kumwendea.