Gunia Tupu la Mabawa ya Kumbikumbi

Mabawa ya kumbikumbi wa kijiji kizima yanaweza kupotelea wapi kati ya jioni na asubuhi? Niliondoka Mwese, kijijini kwa shangazi yangu, bila jibu.

Mabawa hayo ndiyo yaliyonipeleka. Mwalimu wetu chuoni alidai kwamba chitini, ile dutu iliyo kwenye ganda la kaa na bawa la mdudu, hutengenezewa karatasi ya kufungia mikate, na ikitupwa inaoza. Nilimbishia mbele ya darasa zima.

"Leta mabawa tujaribu," akasema. "Ukirudi mikono mitupu, hunibishii tena mpaka umalize chuo."

Kwangu mimi hicho ni kifungo.

Asubuhi, kituoni Makanyagio, mjini. Nilipanda bodaboda na gunia tupu.

"Unafuata mahindi?" dereva aliuliza.

"Mabawa ya kumbikumbi."

Tulipofika Kakese, njiani, akauliza kama nyumbani wanajua nimetoka.

Alasiri, Mwese. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kila ua kulikuwa na mtu anapepeta kumbikumbi kwa ungo. Nilimweleza shangazi ninachotaka.

"Mabawa? Haya tunayotupa?"

"Hayohayo, shangazi."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kama unataka kumbikumbi, sema. Hapa ni kwenu."

Nilikuwa hoi kwa barabara. Nikasema nitayazoa kesho.

Kulipokucha, nyua zote zilikuwa zimefagiwa. Halikubaki hata bawa moja! Kila nyumba niliyobisha hodi nilipewa kumbikumbi wa kukaanga, wenye chumvi.

"Nikupe makapi, halafu shangazi yako atanisemaje?" jirani alinifokea huku akinijazia ndoo.

Wakati wa kurudi na dereva yuleyule, pale Kakese, tulimkuta mama mmoja anapepeta kando ya barabara. Hanijui, simjui. Nikampa ndoo yangu ya kumbikumbi, akanijazia gunia mabawa.

"Dada," alicheka, "kati yetu nani katapeliwa?"

Dereva akaninyooshea kidole.

Chuoni tuliyachemsha kwa kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, tukayayeyusha kwenye siki, tukamimina kwenye sinia. Ikakauka ikawa karatasi nyembamba, rangi ya chai. Niliivuta, haikuchanika. Mwalimu alikuwa sahihi, ila haki yangu ya kubisha ilibaki. Nikaanza palepale: hiyo kostiki tunaimwaga wapi?

Baadaye sana, kwenye harusi ya binamu yangu, shangazi alichangamka akasema yote. Nilipolala tu, alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wafagie, mtoto wa kaka yake asionekane anaokota takataka. Mabawa yote aliyamwaga kwenye shamba lake la maboga, na maboga aliyonitumia chuoni mwaka ule yalitoka hapohapo.