Neno la Ukutani

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa, maana hata ndotoni alinyoosha kola. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, aliyezaliwa ughaibuni kwa baba msemaji wa Kihispania, na mtoto hakujua lugha nyingine. Kila Jumapili binti yake alipopiga simu ya video, mtoto alichungulia, akasikia maneno ya ajabu, akatimua mbio. Hilo lilimkata maini bibi kuliko joto la pasi.

"Mama, jifunze hata maneno mawili matatu," binti alimwambia, akawa anamtumia kwa sauti. Lakini kichwa kilichochoka hakishiki kitu. Aliyasikiliza akiwa kazini, na kabla kola haijanyooka neno limeshaota mbawa.

"Shoga, Kiingereza chenyewe kimekushinda, unakimbilia Kihispania?" mwenzake wa kukunja mashuka alimcheka.

Siku moja sauti ya binti ikatamka: *importante*. Mama Pasi akainua uso. Juu ya meza yake palibandikwa tangazo la herufi nyekundu, ambalo msimamizi hakuchoka kuwakaripia nalo: IMPORTANT! Chomoa pasi kabla hujatoka. Kumbe ni lile lile, limeongezewa mkia tu! Miaka yote alilijua kuwa ni la pasi, la funguo, la mashati ya wageni. Mtu kuambiwa kuwa ni muhimu, hilo hakuwahi kulisikia. Hili halikuota mbawa.

Jumapili alirudi miguu imevimba, akajitupa kitini na sare yake. Simu ikaita. Mtoto akachungulia, tayari kukimbia. Bibi akamnyooshea kidole chenye kovu la moto.

"Wewe," akasema, kisha kwa ukali wa msimamizi, maana ndivyo alivyolizoea: "*Importante!*"

Mtoto akasimama. Akajigusa kifua, kama anayeuliza. Bibi akaitikia kwa kichwa. Basi mtoto akaketi, akaiegemeza simu kwenye mto.

Neno jingine hawakuwa nalo. Mtoto akamwonyesha mwanasesere, kiatu, jino linalocheza. Bibi akatazama yote, mpaka uchovu ukamzidi nguvu, akasinzia.

Alipozinduka, simu ilikuwa bado hewani.

"Nilitaka kukata, Mama," binti akanong'ona. "Amekataa katakata. Anasema bibi amelala, tusimwamshe. Anasema wewe ni *importante*."