Siku Waliponisafisha Kidole

Sikusoma. Baba aliwapeleka wavulana shuleni, mimi akanipeleka shamba la simsim. Kwa hiyo maisha yangu yote nimetia sahihi kwa kidole gumba, na kila mara nilirudi nyumbani na wino. Siku ya ndoa yangu na Ogwang, katekista alinishika mkono akanikandamiza kidole kwenye kisahani cha wino, na picha ninayo mpaka leo: gauni jeupe, kidole cha zambarau. Tulipopewa chumba kwenye nyumba za polisi Nsambya, wino. Ogwang alipostaafu tukarudisha ufunguo, wino tena, nikapika nao siku mbili ukakataa kutoka. Mtu kama mimi hujua hivyo kwamba amekubali jambo. Unakwenda nalo nyumbani likiwa kwenye ngozi.

Kazi yangu ni viatu vya mitumba, soko la Nakivubo, Kampala. Vinakuja vimechubuka, mimi navishona, navipaka rangi nyeusi, vinapendeza tena. Meza ya pili kutoka kwangu yuko Nerima, Mkenya wa Busia, anauza vyombo vya plastiki. Yeye ndiye anayeandika haya, mimi nasema. Nikitukana, tusi analiruka.

Baada ya kustaafu Ogwang alikwenda nchi moja ya Ghuba kulinda lango la ghala. Alisema miaka miwili tu. Mwezi wake wa kumi na moja huko alianguka palepale langoni akafa. Kampuni ikasema ni moyo. Mtu aliyekuwa akipanda kilima cha Nsambya na gunia la mkaa begani, huku anapiga mluzi, moyo wake uliugua lini? Lakini sikutaka kugombana juu ya moyo. Nilitaka jambo moja, arudishwe azikwe kwao Lango, kule kaskazini, kando ya baba yake. Kwetu mwanamume hazikwi kama mpita njia. Shemeji yangu Okullo alikwishafyeka mahali, akaweka mawe manne kwenye pembe ili mtu asilime.

Kanisani waliniambia kuna wakili mtaa wa Old Kampala anayesaidia familia za watu waliofia nje. Anaitwa Cleopas. Ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa, ngazi nyembamba, harufu ya dawa ya nondo. Alinipokea kwa mikono miwili. Ana adabu sana yule kijana, na siku hizi nikiona mtu mwenye adabu nyingi nashika mkoba wangu.

"Mama, siku hizi hatusafiri," aliniambia. "Nina mwenzangu kulekule. Tunaonana kwenye kioo cha kompyuta, tunafanya kazi kama tuko chumba kimoja."

"Na wewe nitakulipa nini?"

"Acha hiyo, mama. Malipo watashughulikia wa huko."

Nilimweleza Nerima nikifurahi. Yeye hakufurahi.

"Abalo, mtu wa Kampala akikufanyia kazi bure, mwangalie mikono."

"Wewe Mkenya huamini mtu."

"Ndiyo maana bado nina meza," akasema.

Baada ya majuma matatu Cleopas aliniita. Nilitoka mezani mbio, sikupata hata nafasi ya kunawa. Karani wake, msichana anaitwa Latifah, aliniketisha mbele ya kioo kipana kama ungo. Kabla ya salamu akasema, "Mama, mikono." Akatoa karatasi laini yenye maji, akanifuta kidole kimoja kimoja, kama unavyomwandaa mtoto kula.

"Kioo hakipendi rangi," alisema, anacheka.

Ndani ya kioo alikuwemo bwana mwenye shati jeupe, nyuma yake dirisha na magorofa. Alisema "pole" kwa Kiswahili, halafu akaongea Kiingereza na Cleopas. Kisha kioo chenyewe kikaanza kunisomea kwa Kiswahili, sauti ya mwanamke ambaye hakuwepo. Kilikuwa Kiswahili cha redio ya Tanzania, kinakwenda mbio, maneno marefu marefu. Changu mimi nilikipata kambini kwa wake za askari, ni cha kuazima chumvi na kuwagombeza watoto. Nilisikia "marehemu". Nilisikia "kwa heshima zote". Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu mtu akimtaja maiti wako kwa heshima unaitika.

"Umeelewa, mama?" Cleopas akauliza.

"Atarudi lini?"

"Ndilo tunalomalizia. Weka kidole gumba hapa."

Nikaweka. Mji huu wote nawaona watu wanafungua simu zao kwa kidole. Nilidhani nami nafungua, ili yule bwana aendelee. Kioo kikalia kidogo, Latifah akasema asante. Nilipokuwa nashuka ngazi nilitazama kidole changu. Kilikuwa safi kuliko kilivyowahi kuwa tangu nianze kazi ya viatu. Nilifika Nakivubo nikijua kwamba sijatia sahihi popote.

Siku ya tisa Okullo akapiga simu.

"Shemeji, umekula nini?"

"Sijala, niko kazini."

"Nauliza umekula nini kwa hao watu, mpaka ukamwacha ndugu yetu kwenye mchanga."

Kampuni ilikuwa imetuma picha mbili kwenye simu yake, naye akanirushia. Ya kwanza ni kaburi, tuta la mchanga lenye kibao, na kwenye kibao namba tu. Ya pili ni karatasi. Nerima alinisomea tumeketi juu ya mabeseni yake. Ilisema mke wa marehemu amekubali mumewe azikwe hukohuko, na hatataka maiti ichunguzwe, na hatataka kitu kingine. Chini kabisa ilisema amesomewa kwa Kiswahili na ameelewa. Na pembeni alama ya kidole, kubwa, nyeusi, mistari yote inaonekana.

"Si changu," nikasema. "Sikugusa wino."

Nerima alinishika mkono akaugeuza. Kidole changu gumba kina kovu, nilijikata na kisu cha soli. Akaweka simu kando ya kidole. Kovu lilikuwepo pote pawili. Aliniletea chai.

Kesho yake nilipanda zile ngazi. Cleopas alisimama, akanipa kiti kilekile.

"Yule bwana wa kwenye kioo ni wakili wa nani?"

"Ni mwenzetu, mama."

"Nimeuliza wa nani."

Alipanga kalamu zake. "Anaisaidia kampuni pia. Kwao inaruhusiwa."

"Na kwetu?"

"Kwetu hapana. Lakini kile kikao kilikuwa kule."

"Mimi nilikuwa hapa. Kwenye kiti hiki."

"Kiti kilikuwa hapa, mama. Kikao kilikuwa kule."

Nilimtazama Latifah. Alikuwa anafuta kioo, na kilikuwa safi.

Nerima aliulizauliza, tukaambiwa kuna ofisi ya kupokea malalamiko juu ya mawakili. Nilivaa gauni la kanisani. Mama aliyenisikiliza alikuwa wa umri wangu, miwani kwenye kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinipa matumaini, kwa sababu sijazoea kusikilizwa mpaka mwisho.

"Kanuni zetu ni za zamani," alisema. "Zinajua karatasi, wino na shahidi. Kioo hazikijui. Na yule wa ng'ambo hatumfikii kabisa." Akavuta bunda la karatasi kutoka kwenye kabati. "Lakini zinaandikwa mpya. Hili ni rasimu. Humu umo, mama."

"Mimi?"

"Mambo yako. Ukurasa wa kumi na tisa. Wakili asichukue alama ya mteja kwenye kioo mpaka mtu asiye wa upande wowote amweleze kwa lugha anayoongea nyumbani kwake. Hapa chini, akishirikiana na wakili wa nje, kosa la yule wa nje ni lake pia."

Nilifikiri. "Nani aliwaambia haya, na mimi nimekuja leo?"

"Wamekuja wengine kabla yako."

"Wengi?"

Alivua miwani. "Wengi."

"Zitaanza lini?"

"Zikipitishwa."

"Na mume wangu?"

"Kanuni hairudi nyuma, mama nyabo. Inashika ya mbele."

Kwa hiyo Ogwang atakuwa faida ya mtu mwingine, mjane nisiyemjua, ambaye mume wake bado yuko hai mahali fulani analinda lango. Nilijaribu kumtakia mema mwanamke yule. Sikuweza, na Nerima aliponiuliza kama aandike hivyo nilimwambia aandike.

Nikasema basi niweke malalamiko yangu. Yule mama akanigeuzia kioo.

"Weka kidole gumba hapa."

"Nataka wino."

"Wino tuliuacha, mama. Yote iko humu sasa."

"Nimekuja kulalamika juu ya hicho."

"Najua." Aliona haya kweli, namsifu kwa hilo. "Lakini bila kidole mashine haipokei." Akanisogezea boksi la karatasi laini. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mtu mmoja alikohoa.

Nikajifuta mwenyewe. Nikaweka.

Nilipofika Nakivubo simu ikalia, ujumbe. Nerima akanisomea: malalamiko yako yamepokelewa, usijibu ujumbe huu.

"Ningejibu na nini?"

"Kidole," akasema Nerima, na hakucheka.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Tangu hapo simu haijaleta neno lingine. Cleopas bado yuko juu ya duka la vitambaa, na kanisani bado wanamtaja. Mimi Lango sijakwenda. Okullo aliponipigia mara ya mwisho hakuniita shemeji. Alisema mahali palipofyekwa wamepanda mihogo, ardhi haiwezi kukaa bure. Nikamuuliza kama ameondoa yale mawe manne.

Akasema bado. Huwa anakalia moja akichoka kupalilia.