Magadi Juu ya Mgomba

Walisema sitafika popote. Jirani yetu wa Machame alitamka mbele yangu kwamba mtoto anayenuka samadi atazeeka akinuka samadi. Basi, ndugu yangu, leo nina diploma ya mifugo na banda la matofali lenye ng'ombe wa maziwa, na jirani huyo hutuma wajukuu wake kwangu na chupa.

Lakini kila nikichanganya molasi na pumba, harufu ile tamu hunirudisha kwa bibi.

Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja, kafungwa kizizini ndani ya kihamba, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa. Kwetu ng'ombe hachungwi, chakula humfuata. Niliamka kwa mlio wa panga likikatakata mgomba, na wanawake walishuka tambarare kuleta majani kichwani. Mwaka mmoja mvua ilikataa, tambarare ikabaki vumbi. Ng'ombe alikuwa na mimba. Mdogo wangu alikuwa mchanga, mama yetu amefariki, na bibi alingoja ng'ombe azae ili mtoto apate maziwa.

Ikabaki migomba tu. Ng'ombe akanusa, akageuza shingo. Bibi akasaga magadi, akanyunyizia juu. Ng'ombe akala mpaka akalala chini.

"Mwangalie," bibi alisema, akimpiga ubavu uliokaza kama ngoma. "Ameshiba kutuzidi."

Jirani akachungulia. "Mama, huyo anashiba maji."

"Na wako anashiba nini, baba? Si ulimuuza?"

Shangazi akatuletea pumba kutoka Moshi mjini. Bibi akampa jioni, baada ya mgomba. Ng'ombe akanusa, akaacha. "Si nimewaambia ameshiba," bibi akasema, pumba akawapa kuku.

Chuoni nilielewa kabla mwalimu hajamaliza. Ulimi humwambia mnyama ale, tumbo likitanuka humwambia aache, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachouliza kilichoingia kina nguvu gani. Magadi yalimvuta ulimi. Mgomba, ambao ni maji na nyuzi, ukamaliza nafasi.

Siku ya kuzaa alishindwa kusimama. Ndama alitoka amekufa, na mama yake hakuiona jioni. Mchinjaji alipopasua tumbo, migomba ilimwagika mpaka miguuni mwetu, mingine bado mibichi. Bibi akachota kwa mikono miwili, akawaonyesha majirani.

"Jamani, si mnaona? Sikumnyima."

Mdogo wangu tulimlisha uji mwepesi wa ndizi. Alishiba, akalala vizuri, na kabla ya mvua kurudi tukamzika kihambani.

Kizizi hakipo tena. Kahawa iling'olewa, na palipokuwa na migomba pana fremu za maduka. Bibi alizeeka akirudia maneno yale yale kwa kila mgeni. Siku zake za mwisho nilikaa kitandani pake, diploma yangu ikiwa imeshaning'inia ukutani, akaniuliza mimi kama alimnyima.

"Hapana, bibi," nikamjibu. "Hukumnyima."