Niliposema Katesh

Jana nilipita kando ya mashine ya kusaga, nikanusa makapi ya ngano yaliyolowa mvua, na mara nikawa tena mtoto jikoni kwetu Basotu.

Shamba la ngano la serikali lilikuwa limefika kwenye uzio wetu, na tulitakiwa kuhama. Baba alitaka twende Katesh, apate kibarua cha ufundi. Mama alitaka Dongobesh, kwa sababu dada yake aliishi huko peke yake na kifua kilikuwa kinamsumbua. Walibishana siku tatu. Siku ya nne baba akanigeukia.

“Wewe ndiye mkubwa wa watoto. Unasemaje?”

Mama aliacha kusonga ugali, akanitazama. Katesh nilikuwa nimefika mara moja tu, na mwenye duka mmoja alinipa biskuti.

“Katesh,” nikasema.

Mama akarudi kwenye sufuria yake. “Haya. Mtoto ameshasema.”

Tukahamia Katesh. Kabla mvua za kwanza hazijaisha, akaja mzee mmoja kutoka Dongobesh. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, kisha akamwambia mama kwamba dada yake walishamzika juzi.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, mama alinichukua mpaka stendi. Tulisimama hapo hadi basi linalopita Dongobesh lijae na kuondoka. Hakupanda hata siku moja. Wala hakunilaumu. Alinishika mkono taratibu tu, nami nilikuwa natamani anipige.